Dandora na Ujira wa Madereva wa Malori

Msafiri atokaye katikati ya Nairobi kwenda upande wa mashariki, akishika Barabara ya Juja na kupita Mathare, hufika Kariobangi. Na akivuka hapo Barabara ya Outer Ring huwa amebakiza mwendo mfupi tu kuingia Dandora. Alfajiri, kabla jua halijapanda, njia hujaa watu waendao kazini: mafundi, makarani, wachuuzi, na miongoni mwao wanaume waliobeba mfuko mdogo wenye nguo na blanketi. Hao wa mfuko mdogo ni madereva na mataniboi wa malori, ambao hawajui kama usiku ule watalala nyumbani au Mtito Andei.

Dandora si mtaa wa zamani sana. Mwaka 1975 Serikali ya Kenya, Baraza la Jiji la Nairobi na Benki ya Dunia waliafikiana kugawa viwanja takriban 6,000 kwa watu wa kipato kidogo. Mwenye kiwanja hakupewa nyumba kamili. Alipewa ardhi iliyopimwa, maji, mfereji wa maji machafu, choo na bafu, naye akatakiwa ajenge vyumba vyake mwenyewe kadiri ya mfuko wake. Wengi walijenga vyumba viwili vitatu, wakapangisha vingine ili kodi isaidie kulipa deni. Siku hizi mahali pengi yameinuka maghorofa ya kupanga. Basi mtaa huu tangu mwanzo ulijengwa kwa ujira wa kila mwezi: ujira ukija, ukuta ulipanda, usipokuja, ukuta ulingoja.

Jambo jingine lililoufanya mtaa huu ujulikane ni jaa kuu la takataka za jiji, lenye eka 30 hivi, kando ya Mto Nairobi. Mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa, lakini malori hayakukoma kumwaga. Madhara yake kwa watoto yalielezwa mwaka 2007 na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Kijana aliyelelewa karibu na jaa hilo huzoea ngurumo za lori tangu utotoni, wala si ajabu akitamani kushika usukani.

Kazi ya lori hufunzwa kwa macho kabla ya kufunzwa kwa mikono. Kijana huanza kuwa taniboi: hufunga turubai, hukaza kamba, hubadili tairi, huweka mawe nyuma ya magurudumu penye mlima, na hulala juu ya mzigo usije ukaibwa. Baadaye dereva humwachia usukani, kwanza uwanjani tu. Kisha huja leseni, na ile ya lori kubwa lenye trela, yaani daraja la CE, haipatikani kwa pupa. Hata hivyo wenye leseni ni wengi. Walio wachache ni wale ambao tajiri atawakabidhi, bila kusita, lori la mamilioni ya shilingi na mali ya mtu mwingine juu yake, waendeshe kutoka Mombasa hadi mpaka wa Malaba, safari ipitayo kilomita 900.

Uchache huo ndio humpa dereva nguvu ya kudai. Kwa amri ya mishahara ya mwaka 2022, dereva wa gari zito mjini Nairobi aliwekewa kiwango cha chini cha zaidi kidogo ya shilingi 34,000 kwa mwezi, bila posho ya nyumba, hali kibarua wa kawaida aliwekewa zaidi kidogo ya 15,000. Mwaka 2024 viwango viliongezwa kwa asilimia 6. Lakini amri huweka sakafu tu. Paa huwekwa na mapatano, na mapatano mengi ni ya mdomo. Wako madereva walipwao kwa mwezi, na wako walipwao kwa safari. Huyu wa safari huonekana kuwa na bahati barabara ikiwa nyeupe. Mwezi wa Mei 2020, madereva walipotakiwa wapimwe ugonjwa wa Korona kabla ya kuvuka Malaba, foleni ya malori ilienea kilomita nyingi, na watu wakakaa siku baada ya siku njiani. Asiyelipwa ila kwa safari alijua hapo kwamba muda wake wa kungoja haukuwa na bei.

Mambo haya si ya Kenya peke yake. Huko Marekani, mwaka 2021, chama cha wenye malori kilikadiria kwamba walipungukiwa na madereva 80,000. Makampuni yakaanza kuwanyang'anyana watu, na mwezi wa Aprili 2022 kampuni ya maduka ya Walmart ikatangaza kwamba dereva mpya angeweza kupata hadi dola 110,000 katika mwaka wake wa kwanza. Hata hivyo wako wachumi waliosema kwamba watu hawakukosekana. Walikuwa wakiacha kazi, kwa kuchoka na kulala njiani, na kwamba mshahara ukipanda na kazi ikiwa ya heshima, watu hurudi. Lakini msimu ule haukudumu. Mizigo ilipungua, na katikati ya mwaka 2023 kampuni kubwa ya malori iitwayo Yellow ilifunga milango, na watu wapatao 30,000 wakakosa kazi.

Kenya nayo imeona masika na kiangazi cha namna hiyo. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017, na mwezi wa Agosti 2019 ikatolewa amri kwamba mizigo iingiayo nchini iendayo Nairobi na bara ichukuliwe kwa reli. Wenye malori wa Mombasa waliandamana, na biashara za kando ya barabara, kama vile Mariakani na Voi, zikapoteza wateja. Embakasi, ambako kontena ziliteremshwa, ilibaki kazi ya mwendo mfupi ya kuzifikisha maghalani. Mwezi wa Septemba 2022 serikali mpya ilirudisha bandarini kazi ya kutoa mizigo, na mwenye mali akawa huru kuchagua. Katika miaka hiyo mitatu ustadi wa dereva haukubadilika hata kidogo, wala urefu wa barabara. Kilichobadilika ni amri, na kwa amri hiyo thamani ya mikono yake ilishuka na kupanda.

Hata nchi za mbali sasa zinatafuta madereva. Mwezi wa Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mapatano ya kazi huko Berlin, na wakati huo huo madereva watano wa mabasi kutoka Kenya walikuwa wamekwisha pokelewa katika mji wa Flensburg. Watano ni wachache, lakini mwenye lori ajuaye kwamba dereva wake anatazamwa na wengine humwangalia kwa jicho jingine.

Basi mkulima aonaye mvua hutega mapipa mapema, kwa kuwa ajua haitanyesha mwaka mzima. Dereva naye, wakati matajiri wanapomtafuta, asifurahie nyongeza ya shilingi mkononi akasahau karatasi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yataka mapatano ya kazi ya miezi mitatu au zaidi yawe ya maandishi. Yampa mfanyakazi siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi, zenye malipo, baada ya kila miezi 12. Na aandikishe pia malipo ya siku za kungoja bandarini na mpakani. Nyongeza ya mdomo huondoka pamoja na msimu. Iliyoandikwa humfuata tajiri hata katika kiangazi.

Jioni wale wa mfuko mdogo hurudi Dandora, wengine baada ya siku moja, wengine baada ya wiki mbili. Vyumba vingi vya mtaa huu vilijengwa na watu walioweka stakabadhi zao kwa uangalifu, kila malipo na karatasi yake, hadi deni la kiwanja likaisha. Wazee hao hawakuhitaji kufundishwa maana ya ule usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana wa usukani naye, mali yake ni jasho lake, na daftari lake ni mkataba.