Barua kutoka Uingereza: Tela Nyuma ya Gari la Spoti

Tela dogo linalofungwa nyuma ya gari la spoti kazi yake kubwa ni kubeba matairi. Nchini Uingereza, viwanja vya mbio kama Brands Hatch, Snetterton na Castle Combe huwa na siku ambazo mtu yeyote mwenye leseni na gari zima hulipa kiingilio, akavaa kofia ngumu na kuzungusha gari lake mwenyewe kwa kasi anayoiweza. Hapatafutwi mshindi, na anayetaka kumpita mwenzake husubiri apishwe. Msomaji wa Sumbawanga anayezijua mbio za magari kupitia Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, amezoea kuona timu yenye mafundi wake na magari ya huduma. Katika siku hizi za wazi mwenye gari ndiye dereva, ndiye fundi, na Jumatatu gari hilohilo ndilo linalompeleka kazini.

Shida ya mizigo inaanzia hapo. Matairi ya uwanjani yana mpira laini unaong'ang'ania lami ukishapata moto. Barabarani huisha upesi, na mengine yakikutana na mvua huteleza vibaya. Kwa hiyo dereva husafiri kwa matairi ya kawaida, akifika anabadilisha. Lakini gari kama Mazda MX-5 ya kizazi cha nne, iliyoingia sokoni 2015, lina viti viwili tu na buti ya lita 130. Matairi manne yenye rimu zake hayana pa kukaa. Wenye uwezo huwa na gari jingine kubwa la kuvuta tela ambalo gari la mbio lenyewe hupanda juu yake, na hapo huhitajika magari mawili, bima mbili na mahali pa kuegesha vyote. Tela dogo ni dawa ya mnyonge, kama mwenye gari la viti viwili anaweza kuitwa mnyonge.

Mzigo wenyewe si mkubwa. Matairi manne na rimu zake huwa kati ya kilo 60 na 80. Ongeza jeki, sanduku la spana, pedi za breki, dumu la mafuta na turubai, kisha ongeza uzito wa tela lenyewe, na yote huzunguka kilo 250. Injini haishtuki. Sheria ya Uingereza inaruhusu tela lisilo na breki kufikia kilo 750 pamoja na mzigo, au nusu ya uzito wa gari linalovuta, kiasi chochote kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Gari la tani moja basi halivuki nusu tani. Hata hivyo, kabla ya hesabu hiyo husomwa kibao cha mtengenezaji kilichobandikwa kwenye bodi ya gari: kama hakionyeshi uzito unaoruhusiwa wa gari na tela kwa pamoja, au kinaonyesha sifuri, gari hilo halipaswi kuvuta kitu. Magari kadhaa ya spoti yamo katika kundi hilo, hata kama injini zake zina nguvu kuliko pikapu za shamba, na mwenye gari asiyekisoma kibao hicho hujitafutia ugomvi na kampuni ya bima.

Taratibu nyingine ni nyepesi. Tela dogo hubeba namba ya gari linalolivuta, tofauti na Tanzania ambako tela husajiliwa kwa namba yake. Nyuma huwekwa viakisi vyekundu vya pembetatu, taa na indiketa, na mnyororo au kebo ya akiba hufungwa ili tela lisipotee likichomoka.

Jambo zito kuliko yote ni namna ya kupakia. Mkulima wa Laela aliyewahi kupakia mahindi kwenye mkokoteni wa maksai analijua tayari: magunia yakirundikwa nyuma ya ekseli, nira hupanda na kuwakaba ng'ombe, yakisogezwa mbele mno, shingo zao huelemewa. Tela hufuata kanuni hiyohiyo. Ncha yake ya mbele inapaswa kuligandamiza gari kidogo. Waingereza hupendekeza asilimia 5 hadi 7 ya uzito wote, Wamarekani asilimia 10 hadi 15. Kwa kilo 250, kipimo cha Waingereza ni kilo 12 hadi 18 hivi, na mizani ya bafuni inatosha kuupima mgandamizo huo. Vizito, yaani jeki na spana, hukaa juu ya ekseli. Matairi husimamishwa mbele yake kidogo na kufungwa kwa mikanda.

Anayepuuza hayo hulipa kwenye mwendo. Tela lililoelemewa nyuma huanza kuyumba kushoto na kulia, na kadiri kasi inavyopanda kila myumbo huwa mpana kuliko uliotangulia, mpaka nyuma ya gari nayo isukumwe huku na huku. Gari jepesi na fupi husukumwa kwa urahisi zaidi. Tiba ni kuachia mafuta taratibu, usukani ukishikwa bila kushindana nao, na breki isikanyagwe kwa nguvu. Uingereza tela haliruhusiwi kuzidi kilometa 96 kwa saa kwenye barabara kuu, na haliruhusiwi kuingia njia ya mwisho ya kulia pale njia zinapokuwa tatu au zaidi. Ni kichekesho kidogo: gari lililoundwa kwa mbio linapitwa na magari ya familia zinazokwenda sokoni.

Magurudumu madogo nayo yana madai yake. Tela lenye rimu za inchi 8 huzungusha beringi zake karibu mara moja na nusu kuliko gari linaloongozana nalo, hivyo grisi huangaliwa kabla ya safari, na kwenye kituo cha mapumziko dereva hugusa kitovu cha gurudumu kuona kama kimepata moto kupita kiasi. Kurudi nyuma ni kazi ngumu, maana tela fupi hujikunja kabla halijaonekana kwenye vioo. Wengi hulifungua na kuligeuza kwa mikono. Uwanjani tela huachwa kwenye eneo la maegesho, kichwa cha chuma cha kuvutia kikachomolewa, na matairi yakabadilishwa. Jioni kazi hurudiwa kinyume.

Kama gari na tela la namna hiyo vingefika Ufipa, barabara ya lami ya Tunduma hadi Sumbawanga ingevipokea vizuri, isipokuwa matuta ya vijijini ambayo tumbo la gari la spoti lingeyasalimia yote. Kwenye uwanda ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza kati ya asilimia 15 na 20 ya nguvu zake. Kwa mzigo huu si kitu. Hatari iko kwenye kushuka, kuelekea Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika au kwenye mteremko wa Lyamba lya Mfipa kuelekea bonde la Rukwa, mahali ambapo ardhi hudondoka takriban mita 1,000. Tela lisilo na breki hulisukuma gari njia nzima, kwa hiyo gia ndogo huingizwa kabla mteremko haujaanza, na breki huguswa kwa vipindi ili zipate kupoa.