Makaa ya Samadi

Kando ya mto Amazon, katika nchi ya Brazili, ardhi nyingi ni hafifu, maana mvua huichukua rutuba yake. Lakini pako mahali penye udongo mweusi, ambao wenyeji wa kale waliutia makaa, mifupa na takataka, kabla Wareno hawajafika huko mwaka 1500. Hata leo wakulima huupenda.

Makaa ya kutia shambani yaweza kufanyizwa pia kwa samadi kavu na magunzi ya mahindi. Huchomwa pamoja katika chombo kilichofunikwa, chenye tundu dogo la kutolea moshi. Hewa ikizidi, hupatikana majivu tu. Fosforasi hubaki, lakini naitrojeni nyingi hupotea, nayo ni hasara kubwa. Mwenye ng'ombe mmoja na afikiri kwanza. Kwa hiyo makaa hunyweshwa mkojo wa ng'ombe kabla ya kufukiwa.