Bilato kwa Majira Mawili

Katika somo la kwanza la sarufi, ngeli ya 7 na ya 8 huletwa kwa maneno yaleyale: kitabu na vitabu, kiti na viti, kiatu na viatu. Tunanakili, tunafunga daftari, kiisha tunatoka nje, na kati ya mlango wa ukumbi na barabara ya Kasapa hakuna hata mmoja wetu anayesema viatu. Tunasema bilato. Kimoja ni kilato. Anayesema viatu hapa Lubumbashi ni mhubiri, mtangazaji wa redio, au dereva wa lori aliyefika jana kutoka Dar es Salaam.

Nimelichagua neno hili kuwa kiini cha tasnifu yangu, pamoja na maneno mengine ambayo wanaume wa mji huu wanatumia kwa vitu vya miguuni. Nilipolitaja mara ya kwanza katika semina, watu walicheka. Mmoja aliuliza kama baada ya bilato nitaandika juu ya soksi. Mwingine, kwa heshima zaidi, aliuliza kama bilato si viatu vilivyoharibika tu katika midomo ya watu wa migodi. Swali la soksi naliacha. La pili linastahili jibu, maana ndilo wazo tulilo nalo wengi wetu juu ya lugha tunayoota nayo usiku: kwamba ni Kiswahili cha pwani kilichovunjika njiani kabla ya kufika hapa.

Tuangalie basi. Kiswahili cha pwani kilipoteza l kati ya irabu katika maneno mengi. Wao wanasema njaa, sisi njala. Wao kuzaa, sisi kuzala. Wao mvua, sisi mvula. Sasa weka kiatu pembeni ya kilato, na utaona pengo ni lilelile. Wagikuyu, ambao hawakuchimba shaba pamoja nasi, wanasema kiratu, na r yao inasimama pahali pa l yetu. Kati ya maneno haya matatu, lililopoteza sauti ni kiatu. Kilato kimeitunza. Kimetufikia kwa njia ya lugha za bara, si kwa njia ya Zanzibar, kwa hiyo hakiwezi kuwa kiatu kilichoharibika. Ni ndugu yake, amekulia nyumba nyingine. Mtu wa Katuba akisema kuvala bilato wakati wa mvula, anatamka l tatu ambazo Kiswahili sanifu hakina tena: kuvaa viatu wakati wa mvua. Wale waliokubaliana Mombasa mwaka 1928 kwamba msingi wa Kiswahili sanifu uwe Kiunguja walikuwa na sababu zao, lakini hawakutuuliza sisi, na hawakusema kwamba lugha nyingine zote ni makosa.

Jambo lililonishangaza zaidi ni la majirani. Upande wa Zambia, Kibemba kinasema insapato. Upande wa Kasai, Kiluba cha huko kinasema bisabata. Yote mawili yametoka kwa sapato ya Wareno. Sisi tuliokaa katikati, tunaosifiwa kwa kuchukua neno la kila mgeni, ndio tuliobaki na neno la Kibantu.

Lakini neno la nguo au la kiatu huwezi kulisoma kwenye kamusi peke yake. Nilikwenda kulisikiliza pale linapouzwa: soko la Kenya, soko Mzee Kabila, na vibanda vya mafundi huko Katuba. Nilidhani nitasikia majina ya chapa kwanza. Sivyo. Muuzaji akikuona anakuangalia miguu, kiisha anaangalia mbingu. Swali lake la kwanza ni kama unataka cha kipwa au cha mvula.

Tuko juu hapa, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na mwaka wetu una nusu mbili zisizopatana. Mvua inaingia mwishoni mwa Oktoba au Novemba, inakaa mpaka Machi au Aprili. Halafu kipwa, na katikati yake Juni na Julai, ambapo asubuhi ni baridi ya kufanya mtu apige miguu chini akingojea basi. Udongo ni uleule mwekundu mwaka mzima, ila nusu ya mwaka ni tope na nusu ya pili ni vumbi. Katika picha za maduka ya Ulaya naona viatu vya majira ya joto na viatu vya majira ya theluji. Kule mtu anabadili kiatu kwa ajili ya hewa. Hapa tunabadili kwa ajili ya ardhi.

Basketi ya kitambaa, ile ya namna ya Converse, ni kilato cha Mei. Vumbi bado ni kidogo, jua ni zuri, na kitambaa kinapumua. Ukiivaa Julai saa kumi na mbili asubuhi, vidole vyako vitakuambia. Ukiivaa Desemba umekwisha: inakunywa maji, inachukua siku mbili kukauka, na siku ya tatu chumba kizima kinajua. Basketi ya wavu, ya kukimbilia, ni nyepesi na vijana wanaipenda, lakini wavu ni mlango wazi kwa vumbi, nalo likichanganyika na jasho la Oktoba linageuka kuwa udongo wa matofali ndani ya soksi. Ngozi laini ya manyoya, ile Wafaransa wanaiita daim, ni ya mtu mwenye gari. Nyeupe ni habari nyingine. Kijana wa Lubumbashi anayevaa nyeupe Januari anataka uone kwamba hakuja kwa mguu. Au, kama wengi wetu, alikuja kwa mguu na sandali za plastiki, mabasketi yake yamo ndani ya mfuko, na akakaa juu ya jiwe mbele ya lango la chuo kubadilisha. Nimehesabu asubuhi moja ya mvua watu kumi na wanne juu ya mawe yale. Hatusemi chochote juu ya jambo hili. Unamsalimu mwenzako kana kwamba umemkuta anafunga kamba tu.

Kazi ya kutunza nyeupe ina ujuzi wake. Unasugua kingo za soli kwa mswaki wa zamani na dawa ya meno. Ukishaosha unafunika kiatu chote kwa karatasi ya choo ikiwa bado mbichi, ndipo unakianika. Ile rangi ya manjano inahamia kwenye karatasi. Niliyafanya haya kabla ya kujua kwamba ningeandika juu yake.

Na hapa sarufi inarudi yenyewe. Maneno yaliyotoka kwa Kifaransa yanachukua ma- kwa wingi: basketi na mabasketi, mokasini na mamokasini, boti na maboti. Bilato peke yake inabaki katika ngeli yake ya zamani, na ndiyo inayobeba yote: mabasketi ni bilato, lakini si bilato zote ni mabasketi. Muuzaji anapotaka ununue, anaacha ma- na kuchukua tu-. "Yaya, kuya uone tubasketi!" Ni udogo wa kupendeza. Kiatu cha namba 45 kinaweza kuwa katika tubasketi, mradi hakijauzwa. Kikishauzwa, na ukarudi kulalamika kwamba soli imeachia, utasikia kinaitwa hii kilato, na upendo umekwisha. Nimeandika mifano ishirini na mitatu ya mabadiliko hayo, na ninaamini ndiyo sehemu bora ya tasnifu yangu.

Jina basketi linatokana na mchezo wa mpira wa kikapu, na limetufikia kwa njia ya Kifaransa. Kenya na Tanzania wanasema raba, kutokana na mpira wa soli. Wao wametaja kitu, sisi tumetaja mchezo ambao wengi wetu hatujaucheza. Sijui kama ni bahati tu. Mpira, kama kitu cha kuvuna msituni, una historia katika nchi hii ambayo mtu hapendi kuivaa miguuni. Lakini hilo ni wazo la usiku, silo la kuweka mbele ya jopo la walimu.

Majina mengine yanavuka mpaka kwa gunia. Viatu vilivyokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani vinafika kwa balo, yaani robota zilizokazwa, na vingi vinapitia Kasumbalesa. Kutoka Zambia tumechukua neno salaula, ambalo kwa Kibemba ni kuchagua kwa kupekua rundo. Tanzania ni mitumba. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuviondoa polepole nguo na viatu hivi sokoni. Rwanda ilipandisha ushuru, na mwaka 2018 Marekani ikasimamisha msamaha wa ushuru kwa nguo za Rwanda. Kongo imeingia katika Jumuiya hiyo mwaka 2022. Muuzaji mmoja wa soko la Kenya niliyemweleza habari hii alinisikiliza mpaka mwisho, kiisha akaniuliza nani basi atatengeneza bilato za kumtosha kila mtu. Sikuwa na jibu, na alikuwa na wateja.

Watu wa Kinshasa wakisikia naandika juu ya viatu wanadhani ni juu ya Sape. Ninaiheshimu. Papa Wemba alifanya mavazi yawe mazungumzo ya taifa zima, na jina la Weston, pamoja na mokasini yake nambari 180 iliyotoka mwaka 1946, linajulikana na watu ambao hawajaigusa hata siku moja. Lakini mfano ulio karibu nasi zaidi uko ng'ambo ya mpaka. Katika kitabu chake cha mwaka 1956 juu ya ngoma ya Kalela, J. Clyde Mitchell anaeleza vijana wa Luanshya wakicheza siku ya mapumziko kwa suruali za kijivu zilizopigwa pasi na viatu vilivyong'arishwa sana. Hawakuvaa ngozi za wanyama wala majani. Waliimba juu ya makabila kwa mavazi ya mji. Nilipousoma ukurasa ule nilimwona baba yangu.

Baba alifanya kazi miaka mingi karakanani. Buti za kazi zilibaki nje ya mlango. Sisi watoto hatukuruhusiwa kuzigusa. Ndani ya nyumba, chini ya kitanda, kulikuwa na mokasini nyeusi ndani ya sanduku lake la kwanza. Zilitoka Jumapili na siku za msiba. Mpaka leo anazisugua kwa kitambaa cha fulana, kwa duara ndogondogo, na anaongea huku akisugua. Neno lake ni moja: "Mutu banamuangaliaka ku miguu mbele ya kumusikia." Wanaisimu wataona ile -ka ya mazoea mwishoni mwa kitenzi, ambayo pwani haiko. Mimi naona kwamba alisema kweli, na kwamba kweli hiyo inanikasirisha. Katika jopo la walimu mtu anatazamwa viatu, halafu anasikilizwa kama anasema viatu.

Nitatetea Januari, katikati ya mvula. Suti nimeahidiwa na yaya yangu. Baba alinipa mokasini zake, akazitoa sandukuni yeye mwenyewe na kuziweka mbele yangu bila neno. Ni namba 41. Mimi ni 43. Tulizitazama wote wawili, kiisha akazirudisha chini ya kitanda, na mama akabadilisha mazungumzo.

Nilikuwa na dola 35 za kila kitu. Kiatu cheusi cha ncha kali, kipya, cha dukani mjini, kingezimeza zote, na baada ya siku ile kingekaa kikingoja harusi ya mtu. Wenzangu wengi wamefanya hivyo, wamepiga picha, wamemwagiwa poda na ndugu zao, na leo wanavaa sandali. Sikutaka kilato cha siku moja. Nilitafuta wiki tatu. Niliyoipata, soko la Kenya, ni basketi ya ngozi ya kahawia, fupi, isiyo na mistari wala herufi, soli nene ya mpira, imevaliwa na mtu ambaye kisigino chake cha kulia kilikuwa kizito kuliko cha kushoto. Dola 14. Ukiipaka rangi inakwenda na suti. Ukiipangusa inakwenda Kasapa. Vumbi linateleza juu yake.

Niliipeleka kwa fundi wa Katuba ambaye nimemrekodi mara nyingi. Aliikunja, akainusa, akabonyeza kidole gumba pembeni ya soli.

"Hii kilato ingali na maisha," akasema. "Lakini gundi peke yake haitashinda mvula. Nitashona."

"Ngapi, Papa?"

"Utaniandika mu kitabu yako?"

"Jina haliandikwi. Maneno yako tu."

Alifikiri. Akasema basi nilipe nusu, maana maneno ni yake. Alishona kuzunguka soli yote kwa uzi uliopakwa nta, akaniagiza niivae kila siku mpaka Januari, tope au hakuna tope, ili kama itavuja ivuje sasa. Jana ilinyesha kuanzia saa nane. Ya kushoto ilirudi kavu. Ya kulia imeingiza maji kidogo kwenye kisigino, pale yule wa kwanza alipokuwa akikanyaga, na Jumatatu nitamrudishia.