Kigawe cha Urejeshaji na Nakala za Akiba: Kumbukumbu kutoka Bukoto

Kompyuta mpakato zilizoanza kuenea katika nyumba za Bukoto, mtaa wa Kampala unaopakana na Kamwokya na Ntinda, katika miaka ya 2000, zilikuja na sehemu ya diski ambayo wenyewe wengi hawakujua kuwa ipo. Sehemu hiyo, yaani kigawe cha urejeshaji, ni kipande cha diski kuu alichokitenga mtengenezaji ili kuhifadhi mfumo endeshi na programu zake kama zilivyotoka kiwandani, nacho kilichukua nafasi ya sidii zilizokuwa zikiwekwa katika katoni pamoja na mashine. Mtengenezaji alipunguza gharama; mtumiaji wa Bukoto alipata neema, kwani kabla ya kebo ya baharini ya SEACOM kuanza kazi Afrika Mashariki mnamo Julai 2009, intaneti ya Uganda ilitegemea setilaiti, na kupakua mfumo wa gigabaiti kadhaa lilikuwa jambo lisilofikirika. Aliyebonyeza F11 kwenye HP, au Alt pamoja na F10 kwenye Acer, mara tu mashine inapowashwa, alirudishiwa Windows halali bila kumtegemea fundi wa mjini na sidii yake ya kughushi.

Hata hivyo, neema hiyo ilizaa dhana potofu ambayo mwandishi wa kumbukumbu hii aliishuhudia mara nyingi mno kwa majirani. Katika baadhi ya mashine kigawe hicho hakikufichwa, bali kilionekana kando ya C kikiwa na herufi D na jina RECOVERY, mstari wake wa nafasi ukiwa mwekundu kwa sababu kilikaribia kujaa tangu kiwandani. Watu wakakiona kama ghala, wakabana humo picha za harusi na rasimu za tasnifu, wakiamini kwamba wameweka nakala ya akiba, ilhali C na D zilikuwa ndani ya diski ileile moja. Diski ilipokufa, au mwizi alipoondoka na begi, vyote viwili vilikwenda pamoja. Na aliyeitumia F11 kwa pupa aligundua kwamba urejeshaji humrudishia mtu Windows yake, si kazi yake. Mgao mkali wa umeme wa 2005 na 2006, uliotokana kwa sehemu kubwa na kushuka kwa kina cha Ziwa Victoria, uliongeza hatari ya diski kufa kwa kompyuta kuukuu ambazo betri zake zilikuwa zimechoka, kwani zilizimika ghafla diski ikiwa katikati ya kuandika.

Thamani ya kigawe ilianza kupungua mwaka 2012, Windows 8 ilipotoka na ufunguo wa leseni ukawa unaandikwa ndani ya bao mama, na ikapungua zaidi baada ya Windows 10 ya 2015, ambayo faili zake za usakinishaji mtu huzipakua bure kutoka Microsoft na kuziweka kwenye flashi. Kigawe cha mashine ya zamani leo humrudisha mtu kwenye Windows 7, mfumo ulioachwa kutunzwa Januari 2020, hivyo gigabaiti kumi na kitu zinazokaliwa nacho zinaweza kukombolewa, mradi kwanza maudhui yake yanakiliwe kwenye flashi na flashi hiyo ijaribiwe kama inawasha mashine.

Faili za mwenyewe ni suala jingine kabisa. Waliozitegemea hifadhi za mtandaoni pekee walizikosa Januari 2021, intaneti ya nchi nzima ilipozimwa kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi, na tangu hapo mwandishi huweka diski moja ya nje nyumbani na nyingine kwa ndugu yake Kisaasi, mbali na mtandao na mbali na begi.

Kipo pia kigawe kidogo zaidi, cha megabaiti mia kadhaa, chenye zana ambazo Windows hutumia kujitengeneza inaposhindwa kuwaka, nacho kisichanganywe na kile cha kiwandani. Januari 2024 sasisho namba KB5034441 liligoma kwenye kompyuta nyingi za Windows 10 kwa sababu kigawe hicho kilikuwa finyu, na Microsoft ikawaelekeza wenye tatizo wakiongeze megabaiti 250. Hicho ni cha kuachwa. Dirisha la kusimamia diski halimruhusu mtu kukifuta kwa kubofya tu, bali sharti atumie zana ya diskpart na kuandika amri yenye neno override, usumbufu ambao, kwa maoni ya mwandishi, umewaokoa wengi kuliko maonyo yote ya mafundi.