Shahidi wa Godoro

Wahenga walinena: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Leo twaichukua methali hiyo kwa maana yake ya wazi kabisa. Hapa Muhumba, kando ya ziwa Kivu, jamaa huweka akiba miezi mingi ili wanunue godoro, au matela kama tuliitavyo Bukavu. Lakini mara nyingi, kabla mwaka haujaisha, katikati pamekuwa bonde, na mgongo wa mama wagusa mbao.

Zamani godoro la sufi au la majani makavu kila mtu aliweza kulifumua akaona kilichomo. Sponji ya siku hizi ni kitu cha kiwandani, iliyotokana na kazi ya Otto Bayer na wenzake huko Ujerumani mwaka 1937. Sehemu yake kubwa ni hewa iliyo katika vitundu vidogo. Mwenye kuuza hewa nyingi hupata faida, na mwenye kuilalia hupata maumivu.

Basi hekima ya kwanza ni mizani. Godoro lenye urefu wa sentimita 190, upana 140 na unene 20, ikiwa sponji yake ni ya kilo 25 kwa kila meta moja ya ujazo, lina kilo 13 na kitu. Ikiwa ni ya kilo 15 tu, halifikii kilo 8. Macho hayaoni tofauti hiyo, lakini mikono yaiona. Tena tusidanganywe na ugumu: sponji hafifu yaweza kufanywa ngumu, nayo nzito yaweza kuwa laini. Kisha tufungue zipu ya kitambaa, tutazame kama ndani ni kipande kimoja au ni vipande vilivyogandishwa. Mwisho tupige goti katikati, tuone kama litagusa chini.

Hata hivyo mizani nayo yaweza kudanganywa, kwa maana wako watengenezaji wanaochanganya unga wa chokaa katika sponji ili izidi uzito. Na mizani husema habari za leo tu, haisemi habari za mwaka wa tatu. Kwa hiyo hatuna budi kuwauliza waliolala, na hapo ndipo penye hatari.

Mchuuzi mmoja, mtu tuliyepatana naye vizuri, alitujia siku moja baada ya Misa. “Baba na Mama,” alisema, “waambieni watu wa shirika lenu kwamba mmelalia magodoro yangu na ni mema. Nami nitawapunguzia bei ya godoro la mtoto wenu.” Sisi hatukuwa tumelilalia hata moja. Mtoto wetu alikuwa akilala juu ya mkeka, na msimu wa mvua ulikuwa umeanza. Bei ile ilituvuta. Juma lilelile mama mjane wa shirika letu, mwenye akiba ya mwaka mzima, alituuliza kuhusu magodoro yayo hayo. Tulimjibu: “Mama, sisi hatujui. Kwanza lipime.” Alikwenda na mizani ya jirani auzaye maharagwe, akarudi na fedha yake mkononi. Mchuuzi alinuna, na hata leo salamu zake ni fupi. Mtoto alilala mkekani miezi minne zaidi.

Katika Kitabu cha Danieli, sura ya 13, wazee wawili walimshuhudia Susana uongo, na watu wakawaamini kwa sababu ya mvi zao. Kijana Danieli aliwatenga, akamwuliza kila mmoja: Ni chini ya mti gani? Kila mmoja akataja mti wake, na uongo ukaonekana. Nasi tufanye hivyo. Anayesifu godoro tumwulize: Umelilalia miezi mingapi? Nani alilipa fedha? Ni kasoro gani uliyoiona? Aliyelala kweli huwa na kasoro ya kutaja. Aliyelipwa huwa na sifa tupu. Tena tumwulize na mwingine, asiyemjua wa kwanza.

Jambo hili si la kwetu tu. Mwaka 2016, huko Marekani, kampuni ya magodoro iitwayo Casper iliwashitaki waandishi kadhaa wa intaneti waliokuwa wakipima magodoro, ikisema kwamba hawakuwaonyesha wasomaji waziwazi malipo waliyopata kwa mauzo. Mwaka 2017 Casper hiyo hiyo ilitoa mkopo uliosaidia kununuliwa kwa jarida la mmoja wao, liitwalo Sleepopolis. Basi sifa zinapotufikia katika simu zetu, tuulize kwanza nani anamlisha mwenye kusifu.

Amri ya nane hatujifunzi kwa ajili ya baraza la hakimu peke yake. Sokoni Kadutu, mlangoni pa kanisa, mbele ya jirani aliyeshika akiba yake, huko nako sisi ni mashahidi. Tuliyoyalalia tuyaseme, pamoja na mabonde yake. Tusiyoyalalia, tuseme hatujui. Neno hilo fupi laweza kumwokolea maskini fedha ya mwaka mzima.