Nilifuta kivuli, nikafuta na dalili

Likizo iliyopita nilikwenda kwa dada yangu Omurushaka, wilayani Karagwe, pale barabara ya Nkwenda na Murongo inapochepuka. Mwanawe wa mwisho alikuwa anatimiza miaka miwili. Kwa kuwa mimi ni mwandishi wa habari, kazi ya kupiga picha nilikabidhiwa hata kabla sijashusha begi.

Tulianza uani saa sita mchana. Karagwe iko karibu na Ikweta, na saa hiyo jua linakuwa utosini, hivyo paji la uso na nyusi huangusha kivuli machoni. Kila picha mtoto alitoka na mashimo mawili meusi. Tukahamia chini ya migomba, uso ukatoka mabaka mabaka. Mwisho nikamwingiza sebuleni, nikamsimamisha ukutani, nikawasha flashi ya simu.

Uso sasa ulionekana, ila nyuma yake kivuli kizito kilibaki ukutani kama mtu wa pili. Na kwenye jicho la kushoto kulikuwa na doa jeupe. Nikadhani ni mwanga tu umegonga vibaya. Nikafungua programu ya kusafisha picha, kivuli nikakifuta, doa nikalipaka weusi. Picha ikaenda kwenye kundi la familia la WhatsApp, pongezi zikamiminika.

Jioni dada aliitazama tena, akatabasamu.

“Mdogo wangu, umelitengeneza na lile jicho lake. Siku hizi giza likianza kuingia linang’aa kama la paka.”

“Tangu lini, dada?”

“Tangu msimu wa kahawa. Jirani aliniambia ni urembo tu.”

Nilikosa la kusema. Kuandika habari za afya ndiyo kazi inayonilisha, na siku hiyo dalili ilikuja mbele yangu nikaifuta kwa kidole changu mwenyewe.

Bahati picha halisi ilikuwa bado kwenye simu. Tukaikuza. Mboni ya kulia ilikuwa na wekundu, ya kushoto ilikuwa nyeupe. Flashi inapompiga mtu usoni, mwanga huingia hadi nyuma ya jicho kwenye mishipa ya damu na kurudi ukiwa mwekundu. Mboni moja ikirudisha weupe, huenda kuna kitu kimeuzuia mwanga huo njiani. Mara nyingine ni pembe ya kamera tu. Lakini unaweza pia kuwa mtoto wa jicho, au saratani ya jicho ambayo huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano, na hiyo haingoji.

Kesho yake asubuhi tulikwenda hospitali na ile simu. Daktari akatuandikia rufaa ya Mwanza. Ulikuwa mtoto wa jicho. Amefanyiwa upasuaji na sasa anavaa miwani. Kila siku dada humfunika lile jicho zima kwa muda ili hili lililotibiwa lijifunze kuona. Mtoto analia, anabandua kitambaa, anabandikwa tena. Daktari hakutuahidi kwamba litaona sawasawa na la kulia. Alisema tu kwamba kadiri mtoto anavyowahishwa, ndivyo matumaini yanavyokuwa makubwa.

Tangu siku hiyo vivuli navimaliza kabla ya kubonyeza, sivifuti baadaye. Nawe mzazi unaweza, bila kununua chochote. Piga picha asubuhi kabla ya saa tatu, au jioni kuanzia saa kumi, jua likiwa limelala. Ukilazimika mchana, mkalishe mtoto barazani penye kivuli kamili, akitazama nje kwenye mwanga. Upande wenye giza, mtu ashike shuka jeupe karibu naye, nalo litarudisha mwanga usoni. Msogeze hatua mbili tatu kutoka ukutani. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili kamera ipime mwanga hapo, hasa kama nyuma yake pana mwanga mkali. Na angalia kivuli chako mwenyewe kisimwangukie.

Kisha, kabla ya kupamba chochote, ikuze picha na umtazame mtoto machoni. Ukiona weupe kwenye mboni, au jicho moja likitazama pembeni, usifute. Itunze picha hiyo, mpeleke mtoto hospitali, umwonyeshe daktari. Usingoje akue, wala usiridhike na maneno ya jirani. Na picha zikitoka safi, hilo si cheti cha uzima wa macho. Ukimwona mtoto anajikwaa au anasogelea sana vitu ili avione, mpeleke vilevile.

Juzi nilimwambia dada nimtumie ile picha nzuri akaisafishe studio, aitundike sebuleni. Akakataa. Alitaka ile ya kwanza, yenye kivuli ukutani na doa jichoni. Ameiweka ndani ya bahasha, pamoja na kadi ya kliniki.