Mlango wa Upande wa Kushoto

Tulipotaka gari la jamaa, hapa Kasenga tulilinganisha bei mbili: ya gari lililokwisha kufika Lubumbashi, na ya lile lililotumika Japani na kushushwa bandarini Dar es Salaam. La Dar lilikuwa karibu nusu ya bei. Tukafurahi kabla ya kumaliza hesabu, nasi tuliosomea ualimu!

Daftari likaanza kujaa: mafuta, ujira wa dereva, malipo ya kuvuka Tunduma na kuikata Zambia, ushuru wa Kasumbalesa, nambari za gari. Hata hivyo akiba haikwisha yote. Ilitosha karo ya muhula mmoja.

Tuliloliacha nje ya daftari ni hili. Japani, Tanzania na Zambia magari hupita kushoto; kwetu Kongo hupita kuume. Usukani wetu uko kuume, hivyo tukitaka kulipita lori, mama watoto ndiye achunguliaye mbele na kusema, “Ngoja.” Na mlango wa nyuma wa kuteleza, wanaoshukia watoto, uko kushoto tu: hufunguka katikati ya barabara.

Asubuhi moja kitinda mimba wetu alishuka mbele ya shule, pikipiki ikaukwapua mkoba wake begani. Yeye hakuguswa.

Usukani mafundi huweza kuuhamisha, kwa fedha inayoipita akiba yetu. Mlango hawauhamishi. Sasa twaingia hadi uani mwa shule ndipo watoto washuke, na jirani akituuliza bei, twamwonyesha kwanza mlango huo.